Ukuta Uliosukwa

Asubuhi ya Jumatatu mhandisi alivua viatu vyake vya nje, akavaa vile vyeupe vya kazini, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, na alipokishika kitasa cha mlango wa chumba cha mizani akakuta kimeota nywele. Zilikuwa nyeusi, laini, fupi kama punje ya mchele, zote zimelala upande mmoja kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akatoa rula mfukoni, akazipima, akaingia ndani kumsalimu mpimaji.

"Mlango umeota," alisema.

"Nimeona," mpimaji akajibu bila kuinua macho. "Na kiti changu pia. Nimekikalia hivyo hivyo, hakina baridi tena."

Jengo lile lilikuwa la kutengenezea dawa mpya, zile ambazo bado hazijafika madukani. Mwaka huo walikuwa wanashughulikia kidonge cha kuotesha nywele kwa watu wenye vipara. Dawa yenyewe ilikuwa kali. Unga wa kukaa kwenye ncha ya sindano ungetosha ukoo mzima, mashemeji wakiwemo. Kwa hiyo ulipimwa ndani ya sanduku kubwa la kioo lililozibwa pande zote, na mpimaji aliingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye ukuta wa sanduku, akafanya kazi yake kama mtu anayeosha vyombo vya jirani kupitia dirishani. Mhandisi aliajiriwa kwa jambo moja tu: kuhakikisha kwamba kilicho ndani ya sanduku kinabaki ndani ya sanduku.

Zamani kazi hiyo ilimtesa, maana unga ukishatoka hauonekani. Alikuwa anapangusa meza na kitambaa, anakituma kitambaa maabara ya mbali, kisha anasubiri mpaka anasahau alichouliza. Sasa nywele zilimjibu kesho yake asubuhi. Palipoangukiwa na unga paliota, pasipoangukiwa hapakuota, na palipoangukiwa na mwingi paliota za kuchanwa. Alikuwa hajawahi kupata msaidizi mkweli namna hiyo.

Basi akazifuata. Ziliota kwenye pindo la glavu ya kulia, akabadilisha glavu. Ziliota kwenye magurudumu ya toroli, akapiga marufuku toroli lisivuke mstari mwekundu. Mfuko wa taka uliota ndevu mdomoni, akaamuru mifuko isifunguliwe tena, ifungwe mafundo mawili na kukatwa katikati, kila upande ubaki na fundo lake. Akakataza ufagio, akaleta vitambaa vyenye maji. Kidogo kidogo chumba cha mizani kikabaki laini kama bakuli. Mpimaji alilalamika kuhusu kiti, lakini baadaye akaleta mto kutoka nyumbani na yakaisha.

Nyumbani, mume wa mhandisi alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja, redio moja isiyokubali kuzimwa. Baba yake aliishi nao. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, na kichwa chake kiling'aa kiasi kwamba mwanawe alikiona kama tangazo baya la biashara, akamwomba asikae karibu na mlango wateja wakiwepo.

Mzee huyu ndiye aliyegundua koti. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alilikunja koti la kazi la mkwewe akalifanya mto kwenye kochi. Alipoamka Jumapili kisogo chake kilikuwa na nywele, umbo la mfuko wa koti, na katikati vidoa viwili vya upara palipokuwa na vifungo. Jumamosi iliyofuata alilalia ubavu wa kushoto.

"Baba," mhandisi alimwambia siku alipoelewa, "hilo koti si dawa. Ni uchafu wa kazi. Hujui unaingia wapi mwilini."

"Unaingia kichwani," mzee akasema. "Nauona."

Siku hiyo hiyo mhandisi aliweka kanuni mpya: koti lolote lisitoke nje ya jengo. Kila mtu avue, aoge, aondoke na nguo zake za nyumbani. Makoti yapelekwe chumba cha kufulia. Aliporudi nyumbani mikono mitupu, mzee alikuwa anamsubiri sebuleni, upande wa kulia bado mtupu kama sahani.

"Mwanangu," alisema kwa uchungu, "wewe unaboresha mpaka unaharibu."

Kinyozi akacheka mpaka akalazimika kukaa. Mhandisi naye alicheka. Alilala usingizi mzuri, kwa sababu tangu siku ile nyumba yake haikuota kitu.

Hakufika chumba cha kufulia mpaka mwezi ulipokuwa unaisha. Kilikuwa chini kabisa, nyuma ya jengo, na hakikuwemo kwenye mzunguko wake wa kila siku. Alikwenda kuomba taulo. Alipofungua mlango alikuta ukuta wote wa mbele umefunikwa na nywele. Zilianzia kwenye mdomo wa bomba la hewa, juu karibu na dari, zikashuka mpaka sakafuni kama pazia. Nusu ya ukuta ilikuwa imeshasukwa mistari iliyonyooka, safi, ncha zimefungwa kwa nyuzi nyeupe. Nusu nyingine ilikuwa timtim. Wanawake wawili walikuwa wamesimama juu ya ndoo zilizopinduliwa, machanuo mkononi, wakati mashine zinazunguka nyuma yao.

"Karibu Injinia," alisema yule mkubwa. "Utatusamehe, huku kushoto hatujafika."

Huyu walimwita Bi Povu, kwa ajili ya ulimi wake: ukimchokoza kidogo tu, maneno yanajaa mpaka yanamwagika. Mwenzake walimwita Chereko, kwa sababu alikuwa anacheka kabla mzaha haujaisha. Chereko alikuwa na mimba, tumbo lake limeshaanza kusukuma vifungo vya sare. Wote wawili waliota nywele mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Zimeanza lini, Bi Povu?"

"Vinyweleo vilikuwepo siku zote, tulikuwa tunapangusa tu. Ila tangu mlipoanza kutuletea makoti, mwanangu, mashallah. Ukilikung'uta koti moja, kesho ndoo ina singa. Na hili bomba nalo halikai kimya. Tusiposuka zinaingia kwenye mashine, mashine inakwama, tunaambiwa sisi ndio wazembe."

"Na kichwani?"

Bi Povu akainamisha kichwa amwonyeshe. Kitambaa alichofunga kilikuwa kikubwa kama mzigo wa safari. "Kichwani hatuhesabu tena," alisema, na Chereko akacheka mpaka akashika tumbo.

Mhandisi hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya bomba, na upepo uliotoka pale ulimpiga usoni taratibu. Aliujua. Ulikuwa upepo wa chumba cha mizani. Yeye alikuwa ameifunga njia ya kwenda nyumbani kwake, na njia yenyewe ilikuwa imekata kona ikaja huku. Akapindua ndoo ya tatu, akakaa.

"Injinia, unaumwa?" Chereko akauliza.

"Hapana. Nipe chanuo."

Akasuka mistari miwili, vibaya, Bi Povu akaifumua kwa heshima.

Jioni alifungua michoro ya jengo. Ilikuwa wazi kabisa. Hewa ya chumba cha mizani ilitakiwa kunyonywa juu, ipite kwenye kichujio kikubwa, itokee kwenye paa, ambako haiwezi kumdhuru mtu. Lakini pale bomba lilipotakiwa kupanda ndipo palipojengwa ukumbi wa mikutano, wenye dari ya kioo na mandhari ya mji. Bomba lilikunjwa likaelekezwa chini. Kichujio hakikununuliwa, kwa kuwa chini hapakuwa na paa. Hewa safi ya jengo zima iliingilia kwenye ukumbi, ikapita chumba cha mizani ikachukua ilichochukua, ikaishia kwa wafuaji.

Kesho yake akapanda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kupenda kushika bega la anayeongea naye. Meza yake iling'aa kama yai lililomenywa.

"Mzee," mhandisi alianza, "ofisini kwako hakuna hata unywele mmoja."

"Asante sana," mkurugenzi akasema.

"Nina maana, hewa inaanzia huku ikiwa safi, inaishia kwa wafuaji ikiwa chafu. Bomba linatakiwa lipande. Lipite ukumbini, liende paani, na liwe na kichujio."

"Lipite ukumbini wapi?"

"Katikati ya meza."

Mkurugenzi alifikiri kwa uaminifu. Hakuwa mtu mbaya. Alijaribu kweli kuiona meza ile ikiwa na bomba katikati, akashindwa. "Injinia wangu," alisema, akamshika bega, "kazi uliyofanya kwenye chumba cha mizani kila mtu anaisifu. Sasa hizo za chini, haziwezi kunyolewa?"

Mhandisi alikuwa mke wa kinyozi, na ukweli ulimtoka kabla hajaufikiria. "Zinaweza."

"Basi!" mkurugenzi akasema.

"Mzee, kunyoa si kuzuia. Na kule kuna mjamzito. Angalau yeye mpandishe, mapokezi kuna nafasi."

"Mapokezi?" Mkurugenzi alionekana kuhuzunika. "Na mikono ile?"

Wiki hiyo hiyo kinyozi aliajiriwa. Alipewa sare yenye mfuko wa mikasi na kitambulisho kilichoandikwa Mtaalamu wa Nyuso za Kuta. Alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kuta, alimwambia mkewe, ni wateja bora kuliko watu: hazigeuzi shingo, hazibishani kuhusu mtindo, hazikimbii bila kulipa. Chereko alimletea chai, Bi Povu alimletea habari za jengo zima tangu msingi. Alinyoa upande wa kushoto kila Ijumaa, lakini ule uliosukwa walimkatalia.

"Huo usiuguse, baba," Bi Povu alisema. "Huo ni jasho letu."

"Mimi nimeambiwa ukuta wote."

"Umeambiwa na nani? Aje anyoe mwenyewe."

Kinyozi akauacha. Jioni, wakila, mkewe alimwuliza kama anajisikia vizuri. Akakunja mikono ya shati, akamwonyesha: singa zimefika kwenye mikunjo ya viwiko.

"Tusigombane," alisema kabla hajaanza. "Mimi ni kinyozi. Kinyozi akiota nywele ni kama mvuvi akilowa."

"Mvuvi anajua yale ni maji," mhandisi alisema. "Mimi sijui hiki ni nini kikiwa ndani yako. Hakuna anayejua. Ndiyo maana tunakiweka kwenye sanduku la kioo."

Mzee, aliyekuwa upande wa pili wa meza, aliitazama mikono ya mwanawe kwa wivu mtupu.

Mhandisi hakukaa bure. Alipeleka barakoa chumba cha kufulia. Baada ya siku chache barakoa ziliota ndevu, na Chereko alipokuwa anaongea alifanana na babu fulani wa kwenye picha. Akapeleka nyingine, nzito zaidi, na glavu ndefu. Akaagiza makoti yafike yakiwa yamelowekwa tayari, yamefungwa kwenye mifuko inayoyeyuka ndani ya mashine, ili asiwepo mtu wa kuyakung'uta. Hapo nywele zilipungua hata kinyozi akamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini bomba liliendelea kupumua, na kila Jumatatu ukuta wa kushoto ulikuwa na vinyweleo vipya, kama kidevu cha kijana. Alirudi kwa mkurugenzi. Akarudi tena. Kila mara alishikwa bega.

Wakaguzi walikuja kabla ya mvua. Walikuwa watu makini, wenye kofia za nailoni na maswali mafupi. Chumba cha mizani walikizunguka wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kwenye chumba cha kufulia walisimama mbele ya ukuta uliosukwa. Mhandisi alikuwa nyuma yao. Alikuwa ameshajiandaa, alinyoosha kidole kwenye bomba.

"Hewa hiyo," alisema, "inatoka kwenye chumba cha mizani."

Mkaguzi mkuu alitazama bomba, akatazama ukuta, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja kutoka juu mpaka chini.

"Nani msusi?" akauliza.

"Sisi," Bi Povu akasema.

"Mistari imenyooka sana," mkaguzi akasema, na wakaendelea na chumba kinachofuata. Cheti kilichokuja baadaye kilisifu utunzaji mzuri wa kuta za chini. Kilitundikwa ukumbini, mahali pazuri, penye mwanga.

Chereko alijifungua mtoto wa kike, mnono, mwenye sauti. Alizaliwa na nywele zilizokwisha kusukwa: mistari iliyonyooka kwenda nyuma, ncha zimefungwa vizuri kwa uzi mweupe. Mkunga alimpangusa, akampima uzito, akamwambia mama kwamba hapo chanuo halitahitajika kwa muda, asumbuke na maziwa tu. Bi Povu alipofika kumwona, alimgeuza kichwa huku na huku, akauchunguza mstari kwa mstari.

"Huu wa kati ni mkono wangu," alisema, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Hii miwili ya pembeni, iliyopinda, sijui ni ya nani."

Mhandisi aliijua.

Ilikuwa furaha kubwa. Kinyozi alileta khanga, mpimaji alileta beseni, na mzee, ambaye hakualikwa na mtu, alikuja amevaa kofia ili kichwa chake kisimtishe mtoto. Mkurugenzi alituma mafuta ya nywele, chupa ya ukubwa wa kifamilia. Chereko alicheka kwa kila zawadi kabla haijafunguliwa. Mhandisi alimpakata mtoto kwa muda mrefu. Alisikiliza pumzi yake, akaikuta nyepesi na ya kawaida; akaisikiliza tena. Alimwuliza mkunga kama kuna la kuangalia siku za mbele. Mkunga akasema siku za mbele huangaliwa zikifika.

Likizo ilipoisha Chereko alirudi kazini, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Asubuhi ya kwanza aliingia naye mgongoni, akitafuta kapu la kumlazia kati ya mashine na ukuta. Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Humu haingii," alisema.

"Sasa nimpeleke wapi, Injinia?"

"Kwenye hewa."

Akampokea mtoto, akapanda naye ngazi mwenyewe, akapita mapokezi bila kuomba ruhusa, akaingia ukumbi wa mikutano. Dari ya kioo ilikuwa imejaa mawingu meupe. Akatandika shuka katikati ya meza ndefu, hasa pale michoro ilipoonyesha bomba, akamlaza mtoto. Hakukuwa na chumba chenye hewa safi zaidi ya kile katika jengo zima. Kisha akavuta kiti, akakaa, akimsubiri mkurugenzi kwa maneno aliyoyapanga usiku kucha, makali yote.

Hayakuhitajika. Mkurugenzi aliingia na wageni, wanunuzi wa dawa kutoka mbali, na wageni walipomwona mtoto walikusanyika kuizunguka meza wakiitazama mistari ile. Mmoja akauliza kama hayo ni matokeo ya kidonge. Mkurugenzi akamtazama mhandisi, akamtazama mtoto.

"Hajameza kidonge chochote," mhandisi alisema kwa sauti ya kusikika. "Mama yake anafanya kazi chini. Anavuta hewa ya humu ikishapita kwenye unga."

"Bila kumeza!" mgeni akasema, akageukia wenzake. Waliagiza mara mbili ya walichokusudia.

Tangu hapo mtoto ana nafasi yake mezani. Mikutano hufanyika kumzunguka, kwa sauti ya chini, na mkurugenzi mwenyewe amejifunza kumbembeleza kwa kidole kimoja huku akisoma. Siku moja alisema, akimfuta mtoto mate, kwamba kweli pale katikati pangewekwa bomba angelala wapi. Mhandisi bado humwandikia kuhusu kichujio, na bado hujibiwa kwa upole.

Kinyozi hunyoa Ijumaa. Bi Povu husuka. Chereko hupanda mara kwa mara kunyonyesha. Huvua koti mlangoni, hunawa mpaka mabegani, hukaa kwenye kiti cha ngozi chini ya mawingu na kumpakata binti yake, na wakati huo kama kuna mkutano wanaume hugeuza macho dirishani na kuendelea na hesabu. Mtoto akishiba humlaza tena juu ya shuka, humnong'oneza kitu, hucheka, hufunga vifungo. Kisha hushuka ngazi kurudi kazini, na hewa safi ya ukumbi hushuka pamoja naye, hupita chumba cha mizani, humtangulia kufika chini.